Picha za Bibi Zilivyotuishia Njiani

Tangu nirudi sijapata nafasi hata ya kutunga uzi kwenye sindano. Kila anayeleta gauni lipunguzwe anataka kwanza habari za machimboni, gauni baadaye, na kila mmoja anaondoka na kipande chake anakwenda kukichanganya na cha mwenzake. Jana nimesikia kwamba kaka yangu alitumbukia shimoni. Hakutumbukia. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote kwa mpangilio, msome wenyewe, halafu mniache nishone.

Mnajua kwamba Kulwa, binti wa kaka yangu Ngasa, amechumbiwa na kijana anayeitwa Shija, ambaye shughuli zake ziko machimboni, mbele ya Kharumwa, upande wa Geita. Walivyojuana tuliambiwa ni sokoni hapa hapa Shinyanga. Shija alikuja na wazee wake, akakaa vizuri, akajibu alichoulizwa, akanywa chai bila kuilalamikia. Sote tuliridhika, isipokuwa mama yetu, ambaye ninyi mnamwita Bibi.

"Mtu nimemwona," alisema walipoondoka. "Nyumba sijaiona."

Tukamwambia nyumba iko mbali, na nyonga yake haimfikishi hata kanisani. Akasema yeye aliletwa kwa baba yetu bila kuona hata mlango, akafika akakuta jiko linavuja na choo cha kuazima kwa jirani, na mjukuu wake hatapelekwa hivyo. Juu ya hilo kulikuwa na maneno ya watu, kwamba wanaume wa machimboni huoa huko huko kimya kimya, kisha wanakuja mjini kuoa tena kwa kelele. Kulwa alisema ni uongo. Bibi akajibu kwamba kila mchumba husema hivyo.

"Nileteeni picha," akaamua. "Nione mlango, nione jiko, nione choo. Hasa choo."

Basi Kaka akaenda kuazima kamera kwa Mzee Karim, yule mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Si kamera ya kupeleka mkanda kusafishwa. Ni ile ya papo hapo: unabofya, inatoa karatasi kama mtu anayetoa ulimi, unasubiri, na sura inajitokeza polepole kama inatoka kwenye ukungu. Ilikuwa na boksi moja la karatasi kumi. Mzee Karim alituonya kwamba nyingine hana mpaka aagize Mwanza. Kaka akasema kumi zinatosha kupiga choo kila pembe.

Shangazi ndiye mwenye kazi ya kukagua, kwa hiyo mimi nilikuwa sina budi. Kaka alikuja kwa sababu kamera aliiazima yeye, na hakumwamini mtu mwingine kuibeba.

Shinyanga hadi Tinde

Kaka ni mstaafu wa reli. Kwake yeye chombo cha usafiri kina saa ya kuondoka, na saa hiyo ikipita lazima kuna mtu wa kuulizwa. Mumhurumie basi alipokaa kwenye basi stendi ya Shinyanga, injini inanguruma, kondakta anapiga ubavu wa gari na kusema "tunaondoka, tunaondoka," na basi likisogea kidogo mbele, kidogo nyuma, asubuhi nzima. Kila liliposogea Kaka alishika kiti. Liliporudi nyuma alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye dereva.

Tulipofika Tinde njaa ilikuwa imeshatukalia. Dereva alishuka kula, nasi tukaingia kwenye mgahawa wa mama mmoja mnene mcheshi, Mama Salome, aliyetuletea wali, maharage na samaki wa kukaanga. Kaka aliiweka kamera katikati ya meza kama redio.

"Hiyo ni nini, Baba?" Mama Salome akauliza.

Kaka akaanza kumweleza. Akaona maelezo hayatoshi. Akaona pia ni busara kuijaribu kabla ya kufika kwa wakwe. Akaiinua, akaigeuza huku na huku akitafuta pa kubofya, akabofya. Kioo kilikuwa kinamwangalia yeye. Taa ilimwakia usoni, akabaki anapapasa meza akitafuta samaki wake, na karatasi ikatoka. Tukasubiri. Ikajitokeza pua. Pua tupu, kubwa, na jicho moja lililoshtuka.

Mgahawa mzima uliiona ile pua. Wengine waliomba kuiona mara mbili.

Mama Salome alipomaliza kucheka alikaa kando yangu akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, hiki chombo kinaweza kupiga kisogo?"

Nikamwambia kinapiga unachokielekezea, umeona mwenyewe.

"Basi nipigieni kisogo changu. Nina miaka yangu hii, sijawahi kukiona. Kila anayenisuka ananiambia nyuma kuzuri, nyuma kuzuri, lakini anacheka."

Kaka akataka kukataa. Mama Salome akamwongezea kipande cha samaki. Kilemba kikavuliwa, picha ikapigwa. Ilipojitokeza, Mama Salome aliitazama, kisha akaita kuelekea jikoni: "Baba Salome! Njoo hapa!"

Akaja mwanaume mwembamba ameshika mwiko.

"Hii ni nini?" Alikuwa ameweka kidole kwenye sehemu moja ya picha, mahali ambapo nywele zilikuwa zimekwisha kabisa, duara kama sahani ya chai.

Baba Salome akaangalia picha, akaangalia mwiko. "Hiyo ipo siku nyingi," akasema.

"Siku nyingi unatembea nyuma yangu, unaona, hunambii?"

"Nilidhani unajua. Ni kichwa chako."

Tuliwaacha wakiendelea. Hatukulipishwa chakula, na picha ilibaki Tinde.

Tinde hadi Kahama

Basi liliharibika mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa mashamba ya mpunga na ng'ombe waliosimama kututazama. Dereva na utingo wake walifungua boneti, wakasema ni pampu ya dizeli, itabidi vifunguliwe vibomba vyote, visafishwe, virudishwe. Abiria tukashuka, tukatandika khanga.

Hapo Kaka akafufuka. Alikwenda akasimama nyuma ya dereva mikono mgongoni, kama alivyokuwa akisimama karakana ya reli.

"Kabla hujafungua, ngoja nipige picha," akasema. "Ili ujue kila bomba limetoka wapi."

Dereva akamtazama. "Mzee wangu, gari hili nimelifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua mlango wa nyumba yangu."

"Ndiyo maana nina wasiwasi nalo."

Watu wakacheka, dereva naye akacheka, akampisha. Picha ya kwanza iliharibika kwa sababu upepo ulipeperusha kitenge changu mbele ya kioo. Kaka akapiga ya pili huku akinitazama kwa jicho baya. Nami nikamkumbusha kwamba hiyo ni karatasi ya mlango wa Shija.

"Mlango tutapiga pamoja na jiko," akasema. "Tutasimama mbali."

Jua likapanda. Vibomba vilisafishwa, vikapangwa kwenye gunia, na wakati wa kuvirudisha kimoja kikabaki mkononi. Dereva akafungua tena, akarudisha tena, kikabaki kile kile. Utingo akasema pengine hakina kazi. Dereva akakaa chini, akafuta jasho, na bila kumtazama Kaka usoni akanyoosha mkono.

"Mzee, hebu ile picha."

Waliinamia picha ile vichwa vitatu kwa pamoja, wakifuata kila bomba kwa ncha ya bisibisi, hata wakagundua mahali pake. Injini ilipowaka abiria walishangilia. Dereva aliichomeka picha kwenye kioo cha mbele, karibu na ya mke wake, akasema haiondoki pale. Kaka alikaa kiti cha mbele mpaka Kahama, nami nikasahaulika huko nyuma na mizigo.

Kahama tulilala nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, mama mmoja wa heshima sana, alitukaribisha kwa chumba chenye kitanda kimoja.

"Huyu ni dada yangu," Kaka akamwambia.

"Ndiyo, Baba," akajibu kwa upole, "wote husema hivyo."

Ikabidi nimtajie jina la baba yetu, la mama yetu, na kanisa tulikobatizwa, mpaka akaniamini na kunitafutia chumba kingine. Aibu ilimshika, akaleta chai na maandazi asubuhi bila kuombwa. Alipoiona kamera akasema ana tatizo moja. Wageni wake huondoka na mito, balbu, hata beseni, na ukiwauliza wanasema walikuta hakuna. Akaomba chumba kipigwe picha kikiwa kamili. Kaka, ambaye kwa wakati huo alishaanza kujiona ofisa wa kitu fulani, alisimama juu ya kiti ili apate balbu na beseni kwa pamoja. Picha ikapigiliwa nyuma ya mlango kwa misumari miwili. Yule mama aliifurahia, ila akasema sasa atahitaji kitu cha kuzuia wasiibe picha.

Kahama hadi Kharumwa

Huku hakuna basi la kuaminika. Tulipata lori lililobeba mabati na kreti za soda. Mimi nilikaa mbele na dereva kwa sababu ya heshima, Kaka akakaa juu ya mabati kwa sababu ya kamera, maana alisema mbele kuna joto la injini na litaziunguza karatasi. Tulipofika Kharumwa alikuwa mwekundu kwa vumbi kama tofali, kuanzia nyusi mpaka viatu. Nilimwambia kama ni joto, karatasi zimeliona huko huko juu.

Soko lilikuwa limejaa. Tulisimama kutafuta wenye baiskeli wa kutupeleka machimboni, na sijui nani alianza, lakini maneno yalienea kwamba wamekuja watu wa picha kutoka mkoani. Mara wakajipanga watu mbele ya Kaka, wengine wamekwenda nyumbani wamerudi na mashati safi. Kaka akawaeleza kwamba sisi si watu wa picha, tumekuja kuangalia choo. Maneno hayo hayakusaidia. Wakaona sasa ni watu wa afya, na waliokuwa wamekaa nao wakaja kujipanga.

Mbele kabisa alikuwa bibi mmoja mzee aliyesindikizwa na fimbo. Nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanyanyua pindo la khanga akaonyesha mguu. Ulikuwa umevimba kuanzia kisigino mpaka goti, ngozi inang'aa.

"Sitaki sura," akasema kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake. "Sura yangu anaijua. Nina mtoto wangu Shinyanga, anauza viatu pale stendi. Nimemwandikia kwa mkono wa mwalimu, nimemwandikia kwa mkono wa katekista. Anajibu, mama utapona. Mpelekeeni mguu auone."

Niliangalia pembeni. Kaka aliweka goti chini kwenye lile vumbi, akamwomba yule bibi aweke mguu mwingine, ule mzima, kando ya mgonjwa, ili tofauti ionekane, akabofya. Tulipomwonyesha, aliutazama mguu wake kwenye karatasi kama anayemtazama mtu asiyemjua.

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. "Kumbe ugonjwa umefika hapa."

Baada ya hapo tungewezaje kumkatalia mwingine? Mzee wa pili alikuwa anamkabidhi ndugu yake ng'ombe dume wa kutunza, na alitaka picha ya yule ng'ombe mbele ya ndugu mwenyewe, ili siku ya kumchukua asipewe mwingine. Ndugu naye alisimama hapo hapo, ameudhika kwelikweli. Picha ya kwanza ng'ombe aligeuka, ukatoka mkia. Mwenye ng'ombe akasema mikia inafanana, akaomba nyingine, na Kaka akapiga nyingine.

Niligeuza kamera nikatazama ile namba iliyo nyuma. Zilibaki karatasi mbili.

"Moja ya choo," nikamwambia Kaka. "Na moja ya vyote vilivyobaki."

Kharumwa hadi machimboni

Safari ya baiskeli sitaisimulia sana. Mwenye kunibeba alikuwa kijana hodari, lakini njia ilikuwa ya mawe, na nadhani nitashona mwezi mzima kwa kusimama. Hata sasa sijakaa, mnaniona wenyewe. Kaka alilalamika kiuno tangu kilima cha kwanza.

Mahali penyewe wanapaita Rashi, kama wanavyopaita kila mahali dhahabu inapoonekana na watu wakakimbilia. Ni vibanda vya turubai, nyumba chache za udongo zenye bati, redio za kaseti zinashindana, na mashimo. Shimo moja wanaliita duara. Watu walituelekeza kwa Shija, kisha wakaiona kamera shingoni kwa Kaka, wakaacha kutuelekeza. Nilielewa baadaye walidhani tumetumwa kupima eneo ili wafukuzwe. Wakati ule sikuelewa, nikaona tu vijana wanatufuata nyuma, hawasemi.

Nyumba ya Shija ilikuwa pembeni, mlango umefungwa kwa kufuli. Mwenyewe hakuwepo. Tukazunguka uani.

Na hapo, wenzangu, nikasimama. Uani kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba gauni la kike la mahameli, la zambarau, refu, zito. Mimi ni fundi. Niliona kiuno chake, nikaona mabega yake, nikajua mwenye gauni hili ni mwanamke mpana, mrefu, na si Kulwa. Kando yake lilikuwepo lingine jekundu. Na kando ya hilo, shali ya mtoto ya manyoya, yenye picha za bata wadogo.

Kaka aliitazama ile kamba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na mtoto," akasema.

"Kaka, tuulize kwanza."

"Nimuulize bata?" Akanyanyua kamera, akapiga picha ile kamba, magauni, shali na vyote. "Hii nitamwekea mama mezani. Sihitaji choo tena."

Aligeuka kuondoka. Nilimshika shati. Tulikuwa tunavutana hivyo, watu wazima na mvi zetu, Shija alipotokea na tope mpaka magotini.

"Shikamoo Baba! Shikamoo Shangazi! Hamkuniambia mnakuja!"

Kaka hakuitikia. Mimi nikaitika, maana salamu ni salamu, kisha nikamuuliza pale pale: "Shija, mwenye gauni hili yuko wapi?"

Akatazama kamba. Akatutazama sisi. Wale vijana waliotufuata walielewa kabla yake, mmoja akakaa chini kwa kicheko, mwingine akampigia kelele: "Shija! Wakwe wamemkuta mke mkubwa!"

Shija hakucheka. Alichukua beseni lililokuwa mlangoni, akasema, "Naomba mnifuate."

Alitupeleka mwaloni, mahali wanapooshea udongo wa dhahabu. Kulikuwa na mbao ndefu zilizoinamishwa, na juu ya ubao wake lilikuwa limetandazwa gauni jingine la mahameli, la kijani, limepasuliwa ubavuni, kola imeshikizwa kwa mawe. Kijana alimwaga tope lililosagwa, maji yakateremka nalo. Shija alilikunja gauni lile kwa uangalifu kama nguo ya mtoto mchanga, akalisuuza kwenye beseni, akamwaga maji juu juu, akatuonyesha yaliyobaki chini. Mchanga mweusi, na ndani yake ung'avu mdogo mdogo wa njano.

"Gunia linaiachia dhahabu nyingi ipite," akasema. "Mahameli yana manyoya, yanaikamata. Shali ya mtoto ndiyo bora kuliko zote. Hapa kila mtu ananunua kwangu. Zile za kamba zinasubiri zamu."

Nililishika lile gauni. Ni kweli, vumbi la dhahabu lilikuwa limelala kwenye manyoya ya kitambaa kama poda shingoni. Maisha yangu yote nimeshona mahameli na sikuwahi kulifikiria hilo.

Kaka alikohoa. "Marahaba," akasema, akiitikia ile salamu ya mwanzo.

Kule kule machimboni, siku zilizofuata

Ilibaki karatasi moja. Asubuhi tulisimama mbele ya nyumba tukibishana tusimame wapi ili mlango, jiko na choo viingie pamoja. Kaka alikuwa amepanda juu ya pipa. Shija alikuwa anatutazama, na nikaona ana neno linamsumbua.

"Baba," akasema mwishoni, "hiyo taa yake inawaka hata gizani kabisa?"

"Inawaka. Kwa nini?"

Akatueleza. Yeye hushuka pia kwenye duara, zamu na wenzake. Huko chini kuta zinazuiwa na magogo wanayoyaita matimba, na kwa maoni yake baadhi yameanza kupasuka. Alishamwambia mwenye duara, bwana mmoja anayekaa kwenye kiti cha kukunja na hashuki mwenyewe. Mwenye duara akamjibu kwamba anayeogopa aende akalime pamba. Na kwa tochi hauonekani ushahidi, tochi inaonyesha kipande, ukihamisha mwanga kipande kinapotea, wenzake wenyewe hawakubaliani walichokiona.

"Kama ingepigwa picha moja tu," akasema.

Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema mama yetu anasubiri, tumetoka mbali, karatasi zote zimeishia kwenye visogo na mikia ya ng'ombe, hii ya mwisho ni yake. Niliongea vizuri tu. Kaka alinisikiliza akiwa bado juu ya pipa. Kisha akashuka, akaivua kamera shingoni, ile ambayo hakuniruhusu hata niishike tangu Shinyanga isipokuwa kuhesabu karatasi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akamvalisha Shija.

"Usibofye kabla hujarudi nyuma kadiri unavyoweza," akamwambia. "Na uangalie kioo kisikuangalie wewe."

Tulisimama mdomoni mwa shimo. Kamba ilikuwa inacheza, kisha ikatulia. Huko chini kabisa ukamulika mwanga mmoja, mdogo, ukazima. Sijui ni kwa nini nilianza kusali kwa sauti.

Picha ilikuwa na weusi pembeni, lakini katikati ilikuwa wazi. Magogo matatu yaliyosimama, na la juu yao limepasuka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, limekunjika kwa chini kama kiti cha zamani. Iliwapita mikononi wachimbaji mmoja mmoja. Yule aliyekuwa akitaniana kuliko wote aliitazama, akaipitisha, akaenda kuvaa viatu vyake vya kawaida. Siku ile hakuna aliyeshuka. Mwenye duara alikuja kwa hasira, akaonyeshwa, akasema picha inakuza mambo. Akaitazama tena. Akauliza magogo yanapatikana wapi.

Sitawadanganya kwamba duara liliporomoka. Halikuporomoka. Pengine lisingeporomoka kamwe.

Tungeweza kuondoka kesho yake, baiskeli zilikuwepo. Kaka akasema kiuno bado. Siku iliyofuata, kiuno bado. Nikamkuta mchana ameketi juu ya jiwe karibu na shimo na kile kiuno chake, anawaelekeza vijana jinsi ya kukata kichwa cha gogo likae sawa, kama walivyokuwa wakikata mataruma ya reli. Gogo la mwisho liliposhushwa, kiuno kikapona.

Kurudi Shinyanga

Kurudi hakukuwa na mengi, isipokuwa yule dereva wa basi alitukatalia nauli na kututambulisha kwa abiria wote. Mguu tuliufikisha stendi. Yule muuza viatu aliushika, kisha akaanza kukunja turubai la biashara yake kabla hatujamaliza kumsalimia.

Nyumbani Bibi alikuwa ameshaweka miwani tayari. Tukampa tulichokuwa nacho, picha moja, ya kamba ya nguo. Kaka alianza kuieleza na kuiombea radhi. Bibi akamwambia anyamaze, akaipeleka dirishani.

"Ua umefagiwa," akasema. "Kuni zimepangwa. Na hiki huku nyuma ya gauni ni nini?"

Tukainama. Nyuma ya gauni la zambarau, kwa mbali, kilionekana kibanda chenye bati na mlango wa mbao.

"Choo," nikasema.

"Kina mlango. Na nguo zimegeuzwa ndani nje, jua lisizichujue." Akavua miwani. "Hii inatosha. Nilidhani mtaniletea picha za watu waliosimama wima."

Kulwa aliingia wakati huo, ametoka kwenye meza yake ya mitumba sokoni. Akaiona picha mkononi mwa bibi yake, akaichukua, akaangua kicheko.

"La zambarau bado hajalitumia! Nilimwambia hilo ni zuri kuliko yote."

Tukamtazama.

"Ni mimi ninayemnunulia," akasema. "Kwenye marobota ya mitumba. Mahameli na shali huku hakuna anayezitaka kwa hili joto. Namtumia kwa basi. Ndivyo tulivyojuana, alikuja kuulizia makoti mazito, nikamuuliza ya nini huku kwetu."

Nilisubiri Kaka aseme kitu kuhusu binti anayefanya biashara na mchumba nyuma ya mgongo wa baba yake. Alikuwa na haki ya kusema. Lakini kicheko cha Kulwa kilikuwa kimekwisha, na alikuwa anamtazama baba yake kwa namna nyingine.

"Baba," akasema. "Yale matimba ya duara. Shija aliniandikia. Wameshabadilisha?"

"Wamebadilisha."

"Yote? Au wamesema tu?"

"Yote," Kaka akasema. "Nilikaa pale nikayaona yakishuka, moja moja, mpaka la mwisho."

Kulwa alikaa sakafuni karibu na kiti cha baba yake, akaanza kumfungua kamba za viatu, ambavyo bado vilikuwa vyekundu.